Nungwi au Jambiani? Pa kufikia Unguja ukiwa na watoto

Asubuhi ya kwanza ya likizo yetu Jambiani, kitinda mimba wangu alitoka nje na ndoo yake ya kuchezea, akasimama kwenye ngazi za baraza, kisha akarudi ndani mbio. "Mama, bahari haipo."

Nilitoka, na kweli haikuwapo. Jana yake jioni mawimbi yalikuwa yanagonga ukuta wa hoteli. Sasa kulikuwa na mchanga mweupe uliolowa, madimbwi huku na huku, ngalawa zimekaa juu ya nchi kavu, na mbali kabisa, karibu na upeo wa macho, mstari wa povu pale mawimbi yanapovunjikia mwambani. Nilikasirika. Picha zote nilizotumiwa kabla ya kulipia zilipigwa maji yamejaa, na nilipouliza mapokezi nikajibiwa kwa upole wa Kizanzibari kwamba bahari itarudi tu, nisiwe na wasiwasi.

Tangu siku hiyo nimewapeleka wanangu Unguja mara kadhaa, kaskazini na mashariki, na ndugu na majirani wa Dar wananiuliza swali lile lile: tufikie wapi? Wengi hujibu haraka kwamba nendeni kaskazini, Nungwi au Kendwa, kule maji hayakimbii. Mimi nasema tazama kwanza umri wa watoto. Kama wana chini ya miaka minane hivi, nenda mashariki, hasa Jambiani. Kama ni wakubwa na wanajua kuogelea, nenda kaskazini. Kama una siku mbili tu, usitoke mjini kabisa. Jirani yangu mmoja hakukubali mpaka alipokwenda mwenyewe na wajukuu, kwa hiyo nitaeleza.

Maji kwanza, hoteli baadaye

Sisi wa Dar tuliozoea fukwe za Coco na Kigamboni tunajua bahari hujaa na kupwa, lakini hatupangi Jumapili yetu kwa hilo. Ukiwa Unguja na watoto, hilo ndilo la kwanza kupanga. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila zamu inachukua saa sita na dakika kidogo, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya juu na chini ikifika mita tatu na zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanayosogea kidogo tu.

Kuna jambo nililojifunza kwa mvuvi na sijaliona kwenye kipeperushi chochote: katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Siku hizo maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha yanajaa tele kuanzia saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakawa juu saa nne au saa tano asubuhi na chini alasiri. Ukishajua hivyo, kalenda ya Kiislamu ukutani inakutosha. Tarehe 1 hadi 3 za mwezi mwandamo, na tena 15 hadi 17, ni bamvua. Karibu na tarehe 9 na tarehe 24 ni maji mafu.

Hii ina maana gani kwa mzazi? Ukiwa mashariki siku za bamvua, asubuhi ni ya kutembea na kuokota, na kuogelea ni baada ya swala ya alasiri. Siku za maji mafu watoto wataogelea asubuhi mpaka wachoke. Mtu aliyekwenda Paje, jirani na Jambiani, kwa siku mbili za bamvua, akaondoka saa nane mchana kuwahi boti, atakuambia Paje hakuna bahari. Na kwa alivyoona yeye, hadanganyi.

Kaskazini mambo ni tofauti kwa sababu ufuo wa Kendwa, na ule wa Nungwi unaotazama magharibi, unateremka haraka kuingia kwenye kina. Maji yanapopwa hurudi nyuma kidogo tu, na mtu anaogelea karibu saa zote za mchana. Angalia lakini: upande wa mashariki wa kijiji cha Nungwi nao hukauka kama Jambiani. Ukiambiwa "hoteli iko Nungwi", uliza ni upande gani wa kijiji.

Kaskazini: maji mchana kutwa, na kelele zake

Kijana wangu mkubwa, ana miaka kumi na minne, ukimuuliza atakuambia Kendwa bila kufikiri. Anaingia majini saa mbili asubuhi, anatoka kula, anarudi. Mchanga ni mpana, jua linazama mbele yako baharini, na kuna vijana wenzake wa kucheza nao mpira. Msimu wa kusi, Juni hadi Septemba, ambao ndani yake kuna likizo ya katikati ya mwaka, upande huu umejikinga na upepo na maji huwa shwari wakati Paje mchanga unarushwa machoni.

Kasoro zake mzazi wa watoto wadogo azisikie mapema. Kile kile kinachofanya maji yasikimbie, yaani mteremko, ndicho kinachomfanya mtoto wa miaka minne apige hatua chache tu na maji kumfika kifuani. Boti za watalii hutia nanga karibu, zinaingia na kutoka, na kamba zake zimetandazwa kwenye mchanga. Huwezi kukaa ukasoma gazeti. Utasimama maji ya magoti, mikono kiunoni, ukihesabu vichwa. Usiku kuna muziki, na mwezi ukiwa mpevu Kendwa hufanya sherehe ya mpaka alfajiri. Ukiwa na mtoto mchanga, kagua tarehe hiyo kabla ya kulipia chumba.

Halafu kuna papasi. Hawa ni vijana wanaozunguka ufukweni kuuza safari za boti, miwani, vinyago, chochote. Wengi ni watu wazuri, na ukisema "asante kaka, tumeshapanga" kwa Kiswahili watakuachia. Ila kila baada ya dakika kumi anakuja mwingine. "Dada, twende Mnemba na watoto, nakupa bei ya Mbongo." Mnemba yenyewe, kisiwa kidogo kilichozungukwa na matumbawe upande wa Matemwe, ina samaki wa kila rangi na ni pazuri kweli. Lakini pana mkondo, boti zinabanana, na mtoto ambaye hajazoea kupumua kwa mrija atameza maji ya chumvi, ataogopa, na safari yenu itageuka ya kubembelezana. Wa miaka kumi na kuendelea anayeogelea vizuri, sawa. Chini ya hapo, fedha hiyo itumie kwingine.

Kitu kimoja cha Nungwi ambacho ni bure na nakipenda kuliko vyote: mafundi wa majahazi. Wako pale pale ufukweni, chini ya vivuli vya makuti. Tulimkuta mmoja akitoboa ubao kwa keekee, upinde ukienda mbele na nyuma kama mpiga fidla, na unga wa mti ukimwagika kwenye vidole vyake vya miguu. Mwenzake alikuwa anatia kalafati, yaani anashindilia pamba yenye mafuta kwenye nafasi baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Binti yangu akauliza kwa nini hawatumii gundi. Fundi akacheka, akampa nyundo apige mara tatu. Mpaka leo anawaambia watoto wa jirani kwamba yeye ametengeneza jahazi.

Ukitaka kuwapiga picha, omba kwanza, na usiende mikono mitupu.

Mashariki: bahari inayoondoka na kuacha vitu

Turudi kwenye ile asubuhi iliyonikasirisha. Baada ya chai niliwavalisha watoto yeboyebo, nikawapaka mafuta ya jua, tukashuka. Hatukurudi mpaka saa sita.

Maji yakipwa Jambiani, ufuo wote unageuka kuwa uwanja ambao hakuna mjini atakayekujengea. Maji ya vifundoni, yaliyopashwa joto na jua. Kwenye madimbwi kuna viti vya pweza, vingine vyekundu vyenye nundu, vingine vya rangi ya udongo. Kuna majongoo bahari yaliyolala kama soseji zilizosahauliwa. Kuna kaa wadogo wanaokimbia upande, na simbi ambazo ukizitazama sana zinaanza kutembea, kumbe ndani mna mwenyewe. Mwanangu wa miaka mitano hakuhitaji kujua kuogelea, na mimi sikuhitaji kumshika mkono. Nilimwona mita mia mbili mbele yangu na maji hayajamfika magotini. Kwa mzazi wa watoto wadogo hiyo ndiyo likizo. Hakuna bwawa la hoteli lenye usalama kama huo.

Mbele zaidi kulikuwa na akina mama wamejifunga kanga viunoni, wameinama kwenye mistari ya vijiti na kamba. Hao ni wakulima wa mwani. Kilimo hiki kiliingia ukanda huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanakifanya zaidi siku za bamvua kwa sababu ndipo mashamba yanapoonekana. Binti yangu alisogea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unavua nini?"

"Sivui mie, nalima."

"Unalima baharini?"

"Baharini. Hili ndilo shamba langu, kutoka kijiti kile mpaka hiki. Njoo unifungie."

Alimwonyesha jinsi ya kuchukua kitawi cha mwani, kukifunga kwenye kamba kubwa kwa kikamba chembamba, kuacha nafasi, kufunga kingine. Walifunga hadi bibi akasema inatosha, maji yanarudi. Hapo mimi sikuona maji yoyote yakirudi. Lakini akatunyooshea kidole nyuma yetu, upande wa ufukweni, na kweli ule mfereji tuliouvuka ukiwa wa vifundoni ulikuwa umeshafika magotini.

Zingatia hilo, kwani ndiyo hatari pekee ya kweli ya upande huu. Maji ya mashariki hayarudi kutoka mbele kama ukuta. Yanaanza kujaza mabonde na mifereji iliyo kati yako na ufuo, wewe ukiwa umesimama juu ya kilima cha mchanga unashangaa viti vya pweza. Ukiona wakulima wa mwani na wavuvi wa pweza wanaanza kurudi, rudi. Wasipokuwapo, hakikisha saa moja baada ya maji kufika chini kabisa mko ufukweni.

Hatari ndogo ni wale viumbe wa baharini wa mviringo wenye miiba mieusi mirefu wanaojificha kwenye mawe na majani. Ndiyo sababu ya yeboyebo. Kandambili hazifai, zinachomoka miguuni na kubaki kwenye tope. Mwiba ukishaingia usiuchimbe kwa sindano. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, na mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa na papai lake nyuma ya jiko kana kwamba alikuwa anatusubiri.

Sasa Paje au Jambiani? Ni jirani, ufuo mmoja, lakini si sawa. Paje ni ya wachezaji wa kaiti, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tanga lililo hewani. Upepo ukivuma, wa kusi au wa kaskazi, bahari hujaa matanga ya rangi na kamba zilizokazwa kama nyuzi za gambusi. Vijana watapenda kutazama, hata kujifunza, ila mtoto mdogo anayekimbia ovyo hana nafasi pale. Jambiani ni kijiji kirefu kimelala kando ya bahari, skuli iko pale pale, na jioni watoto wa kijiji wanacheza mpira kwenye mchanga uliokauka. Wangu walipokewa kwenye timu siku ya kwanza. Nyumba za kufikia ni nyingi na ndogo ndogo, nyingine zina jiko la kupikia, jambo ambalo mzazi mwenye mtoto mchaguzi wa chakula atalishukuru. Vaeni vya heshima mnapopita kijijini. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, na kwa mama leso moja ya kujifunga inatosha. Ramadhani usitegemee mgahawa wa kijijini mchana. Panga na mwenye nyumba chakula cha watoto.

Ukienda Julai uliza siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi, kusini kidogo ya Jambiani. Wanaume wanatandikana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na watoto wanacheka mpaka machozi.

Wanyama: wa kumlipia na wa kumwacha

Hapa ndipo wazazi wengi hupoteza fedha, kwa kuwa kila papasi ana mnyama wake wa kuuza. Nina msimamo.

Kobe wa Changuu, ndiyo. Kisiwa kiko karibu na Mji Mkongwe, nusu saa au pungufu kwa boti, na bei huwa ya boti nzima, kwa hiyo tafuteni familia nyingine mgawane. Mwanzo wa kobe hawa ni wanne walioletwa mwaka 1919, zawadi kutoka kwa gavana wa Seychelles, na asili yao ni kisiwa cha Aldabra. Miaka yao imeandikwa kwa rangi juu ya magamba, na mtoto anayejua kusoma atazunguka akitafuta aliyemzidi babu yake. Muulizeni mlinzi awaonyeshe pa kusugua shingoni. Kobe akiguswa hapo kwa taratibu hunyoosha shingo, kisha hujiinua polepole kwa miguu yote minne, akabaki amesimama macho nusu, kama mzee anayekunwa mgongo. Mwanangu alinyamaza, na yeye si mtoto wa kunyamaza. Kuwapanda hairuhusiwi, hata mtoto akilia.

Lile jengo la gereza lililokipa kisiwa jina lake jingine, Prison Island, lilijengwa mwaka 1893 na halikuwahi kufunga mtu. Lilitumika kuwaweka karantini wasafiri. Vijana watalipenda, wadogo hawajali.

Kasa wa Mnarani, Nungwi, ndiyo pia, hasa kama mmefikia kaskazini. Ni bwawa la asili katikati ya miamba, karibu na mnara wa taa, linalopata maji kutoka baharini yenyewe, na wanakijiji walilianzisha mwaka 1993 kuwahifadhi kasa wanaonaswa nyavuni. Watoto huwalisha mwani kutoka juu ya kijukwaa, na nusu saa inatosha. Kuna sehemu nyingine kisiwani unakoruhusiwa kuingia majini kabisa na kasa. Mimi siwaingizi wangu. Tukiwa watu thelathini tuliopakwa mafuta ya jua ndani ya shimo moja la maji, sioni kasa anafaidika nini.

Ukilazimika kuchagua kati ya hao wawili, kwa mtoto wa chini ya miaka saba chukua kobe. Kasa unamtazama tu, kobe unamgusa.

Kima punju wa Jozani ni bora kuliko wote, na wengi huacha kwa sababu hawako baharini. Kima huyu mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani kama aliyeamka sasa hivi anaishi Zanzibar peke yake, duniani kote. Msitu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 na uko njiani kuelekea Paje na Jambiani, kwa hiyo pitieni mkiwa mnakwenda, msirudi safari ya pili. Matembezi ni mafupi na tambarare. Sisi tuliwakuta pembezoni, kwenye mashamba, wamekaa tawi la chini, mmoja ameshika kipande cha mkaa anakitafuna kama biskuti. Watoto hawakuamini. Kumbe ni kawaida yao: majani ya miembe na mikungu wanayokula yana sumu kidogo, na mkaa unaizima tumboni. Kijana wangu, aliyesema hataki kwenda msituni, alizungumzia mkaa huo njia nzima mpaka Jambiani. Msiwakaribie sana wala kuwapa chakula. Baada ya hapo kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na kituo cha vipepeo pale Pete kiko jirani kama bado miguu ina nguvu.

Pomboo wa Kizimkazi, hapana. Nilikwenda mara moja. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, watoto wamefura macho, tukafika tukakuta boti nyingi zimezunguka kundi moja dogo, kila nahodha akiharakisha kulifikia mbele ya mwenzake ili wateja wake waruke majini. Pomboo wanazama, boti zinageuka, moshi wa mashine unatuingia puani. Binti yangu akauliza, "Kwa nini tunawafukuza?" Sikuwa na jibu la maana. Ukitaka kwenda Kizimkazi nenda kwa ajili ya msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107, halafu ule samaki wa kukaanga kijijini. Pomboo ukibahatika utawaona ukiwa kwenye boti ya safari nyingine, wakija wenyewe.

Shamba la viungo

Fupi tu: nzuri kwa watoto wa umri wowote, nusu siku, nje kidogo ya mji huko Kizimbani na Kidichi. Mtembezaji anachuma jani, anamnusisha mtoto, anamwambia ataje. Mdalasini watajua, hiliki watajua, kungumanga itawashinda kwa ule utando wake mwekundu, na mzingefuri watajipaka midomoni wote, wavulana kwa wasichana. Mwisho kijana anapanda mnazi akiwa na kitanzi cha kamba miguuni, akiimba, na wote wanavishwa kofia za makuti. Hili halitegemei maji, kwa hiyo liweke siku za bamvua asubuhi kama mmefikia Paje na watoto wamechoka kutembea mchangani, au siku ya mvua za vuli.

Siku mbili tu: mjini

Mwenye siku mbili asijidanganye na ufukwe wa mbali. Boti kutoka Dar ni kama saa mbili, na Nungwi au Jambiani ni saa moja na zaidi kwa gari kutoka bandarini, kwenda na kurudi. Siku nzima inaishia barabarani na mtoto anatapika. Kaa Mji Mkongwe. Changuu asubuhi, na kama ni bamvua unganisha na Nakupenda, fungu la mchanga linalojitokeza katikati ya bahari maji yakipwa na kutoweka yakijaa. Watoto wanapenda hadithi yake kuliko hata kuogelea: kisiwa ambacho jioni hakipo. Hakuna kivuli, beba mwavuli na maji ya kunywa ya kutosha, na mwambie nahodha saa ya kuwatoa kabla hamjapanda, si mkishafika.

Sikukuu za Idi mji huu ni wa watoto kwa siku nne mfululizo. Viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa nguo mpya na vibanda vya kuchezea, na hutahitaji kupanga chochote.

Jioni ni Forodhani. Fikeni kabla ya magharibi, meza zikiwa zinapangwa na wachomaji wana muda wa kuzungumza. Ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijawekwa sahanini. Ile mishikaki ya kamba na kambakochi iliyopangwa juani mimi nawapitisha watoto mbali, nawapa piza ya Zanzibar inayokandwa na kukaangwa mbele ya macho yao, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Mwenyewe nachukua urojo.

Kisha twende kwenye ukuta wa bahari. Siku za bamvua maji huwa bado juu saa hizo, na vijana wa mji wanakuja kuchupa: anakimbia kutoka mbali, anapita katikati ya watalii, anaruka ukutani na kujikunja hewani. Siku za maji mafu hawaji, kina hakitoshi. Safari yetu ya mwisho tuliwakuta. Mwanangu alipanda ukutani na bakuli lake la urojo, akaanza kuhesabu kwa sauti, waliochupa kwa kichwa na waliochupa kwa makalio, kila kundi na hesabu yake. Alifika ishirini na tatu, urojo umepoa, na hakutaka kushuka.